Injini ya kisasa ndani ya forwili ya zamani: dalili inakupeleka wapi

Injini iliyotolewa kwenye gari lililokuwa likitembea vizuri haiugui kwa sababu tu imehamia kwenye Land Cruiser ya miaka ya 70 au Land Rover Series. Kinachosumbua ni maungio: pale waya mpya unapokutana na swichi ya zamani, pampu ya kisasa inapovuta kwenye tangi lililotengenezwa kwa ajili ya karbureta, giaboksi ndefu inapokutana na propela (shafti ya kupeleka nguvu kwenye difu) iliyokatwa. Kwa hiyo kabla hujafungua kava la valvu au kununua nozeli, jiulize dalili unayoiona inapita kwenye ungio gani, uanzie hapo.

Maelezo haya yanalenga zaidi injini zenye kompyuta, ziwe za petroli kama V8 za GM za familia ya LS au 1UZ-FE ya Toyota, ziwe za dizeli kama 1KZ-TE na 1KD-FTV. Mwenye 200Tdi au 1HZ ya pampu ya kawaida aruke habari za sensa. Yaliyobaki yote yanamhusu.

Vifaa si vingi: mita ya umeme, geji ya presha ya mafuta, simu yenye programu ya kupima mwinamo, na skana, yaani kifaa cha kusoma kompyuta ya gari, inayoonyesha data injini ikiwa inafanya kazi. Skana ya kusoma kodi (namba za hitilafu) peke yake itakusaidia nusu ya njia.

Stata inazunguka, injini haishiki

Sikiliza kwa makini inapotokea. Kama injini inajaribu kushika pale tu unapoachia ufunguo, umeshapata jibu: moto (umeme) wa kompyuta umechukuliwa kwenye waya unaokatika wakati wa kupiga stata. Swichi nyingi za zamani hukata umeme wa redio na vikorombwezo vingine stata inapozunguka, ili betri ipumue. Karbureta haikujali. Kompyuta inajali sana, kwa sababu inazimwa wakati ule ule inapotakiwa kutoa cheche na mafuta. Weka mita kwenye waya unaoamsha kompyuta, mtu apige stata, uangalie. Volti zikishuka hadi sifuri, hamishia kwenye waya unaobaki na moto katika hali zote mbili, na upitishe mzigo wenyewe kwenye rilei (swichi inayoendeshwa kwa umeme). Swichi ya miaka 50 isibebe pampu, koili na nozeli peke yake.

Kama si hilo, tazama skana wakati stata inazunguka. Je, inaonyesha mizunguko ya injini? Ikisoma sifuri, kompyuta haioni sensa ya krankshafti, na mara nyingi itaandika P0335. Kwenye LS kuna mtego wake: injini za kizazi cha tatu zina gurudumu la sensa lenye alama 24, nyingi za kizazi cha nne zina 58, na kompyuta ya moja haielewi lugha ya nyingine. Injini na kompyuta zilizonunuliwa sehemu mbili tofauti zizingatiwe hapo kwanza, kabla ya kulaumu sensa.

Inashika, inanguruma sekunde moja au mbili, kisha inazima, kila mara vilevile? Hiyo ni tabia ya mfumo wa kuzuia wizi. Kompyuta inatafuta ufunguo wake wa asili na haiupati. Dawa ni kuhamisha ufunguo na kisomaji chake pamoja na injini, au kompyuta iandikwe upya na mtu anayeijua. Kubadilisha pampu ya mafuta hapa ni kutupa fedha.

Presha ya mafuta iwe ya mwisho kwenye orodha, lakini usiikisie. Pampu ya karbureta hutoa chini ya nusu ya baa. LS inataka takriban baa 4. Nimeona watu wakiacha pampu ya zamani mahali pake "kwa sababu mafuta yanatoka", na kweli yanatoka, ila kwa presha isiyofungua nozeli ipasavyo.

Vituko vya umeme visivyo na kichwa wala miguu

Geji ya joto inapanda ukiwasha taa kubwa. Sailensa (mwendo wa injini bila kukanyaga mafuta) inabadilika ukikanyaga breki. Skana inaleta kodi tano za sensa zisizohusiana, unazifuta, zinarudi nyingine tano. Usifuatilie hata moja kati ya hizo. Fuatilia athi, yaani njia ya umeme kurudi kwenye betri.

Chesisi ya zamani ina rangi, kutu, na mara nyingi imepakwa upya kabla ya injini kuingia, kwa hiyo boliti za athi zimekaa juu ya rangi. Injini nayo imekaa juu ya mipira. Kama waya wa athi kati ya injini na chesisi ni mwembamba au haupo kabisa, umeme wa stata, ambao ni mamia ya ampea, utatafuta njia yoyote ya kurudi kwenye betri: kebo ya klachi, kebo ya handbreki, nyaya nyembamba za sensa. Kebo ya handbreki ikipata moto baada ya kupiga stata mara kadhaa, huhitaji ushahidi mwingine.

Kipimo chenyewe kinachukua dakika tano. Seti mita kwenye volti za DC. Ncha moja ishike nguzo hasi ya betri, yaani risasi yenyewe na siyo kishikizo chake. Ncha ya pili iguse chuma kitupu cha bloku ya injini. Zuia injini isiwake, mtu apige stata, usome. Ikizidi volti 0.2, kuna mahali umeme unapata taabu. Sasa sogeza ncha ya pili hatua kwa hatua: kishikizo cha betri, mwisho wa waya, kichwa cha boliti kwenye chesisi, chesisi kando ya boliti, kisha bloku. Pale namba inaporuka ghafla ndipo penye ubovu. Kwangua rangi hadi chuma king'ae, funga, kisha paka grisi juu yake ili kutu isirudi. Rudia zoezi hilo kati ya betri na bodi, maana dashibodi na taa zinategemea bodi, na bodi nayo imekaa juu ya mipira yake.

Athi ya kompyuta iende moja kwa moja kwenye bloku au kwenye nguzo ya betri, kufuata mchoro wa waya wa injini hiyo. Usiiunge pamoja na athi ya feni au ya honi.

Mambo mawili ya zamani yanayosahaulika. Land Rover nyingi za kabla ya 1967 zilitoka kiwandani na athi chanya. Kama waya za mwili hazijabadilishwa, injini ya kisasa itaungua siku ya kwanza. Na baadhi ya Land Cruiser za dizeli zilikuwa na umeme wa volti 24. Ukiingiza injini ya volti 12 humo, kila kilichobaki, kuanzia mota ya waipa hadi geji, lazima kihesabiwe.

Unazima ufunguo, injini inaendelea

Dalili hii inawatisha watu kuliko inavyostahili. Umeme unarudi nyuma kutoka kwenye alteneta kupitia waya wa taa ya chaji, unaendelea kushikilia rilei ya kompyuta. Chomoa waya ule mdogo wa alteneta injini ikiwa inaunguruma, kisha uzime ufunguo, ikizima, umethibitisha. Weka daiodi kwenye waya huo, ielekee alteneta. Feni ya umeme inayoendelea kuzunguka kwa upepo nayo hutengeneza umeme na inaweza kuleta kituko hicho hicho kwa sekunde chache.

Kinyume chake: injini inawaka lakini alteneta haichaji mpaka uikanyage mafuta kwa nguvu, au haichaji kabisa. Betri iliyotulia ina volti 12.6 hivi, injini ikiwaka tegemea kati ya 13.8 na 14.5. Isipopanda, angalia kama waya wa kuamsha alteneta una balbu au rezista njiani. Alteneta nyingi haziamki bila waya huo, na nyingine huharibika ukiupa volti 12 za moja kwa moja.

Inakata mafuta kwenye mlima, kwenye kona, au tangi likiwa nusu

Jaza tangi, pita njia ile ile. Ugonjwa ukipotea, tatizo ni mafuta kukimbilia upande mmoja. Tangi la karbureta halina kuta za ndani za kuyazuia, na karbureta yenyewe ilikuwa na bakuli lake la akiba, hivyo pengo la sekunde mbili halikuonekana. Pampu ya presha ikivuta hewa hata kwa sekunde moja, injini inakwama. Suluhisho ni tangi lenye kuta, au tangi dogo la kati: pampu ya presha ndogo inalijaza, pampu kubwa inavuta humo, na mafuta ya kurudi yanaingia humo pia.

Injini inakata baada ya mwendo wa nusu saa, na ukifungua kifuniko cha tangi unasikia hewa ikiingia kwa fyuu? Tangi halipumui. Tafuta njia ya hewa iliyozibwa au kifuniko kisicho chake.

Dizeli za reli ya pamoja (common rail) zina adui wake: kutu ya tangi. Filta inaziba, unabadilisha, inaziba tena, na P0087 inakuja ukipanda mlima ukiwa na mzigo. Hakuna filta itakayoshinda tangi bovu. Lishushwe, lioshwe au libadilishwe. Angalia pia bomba la kunyonya ndani ya tangi. Tundu dogo la kutu juu ya usawa wa mafuta linaruhusu hewa pale tangi linapopungua. Weka kipande cha hozi inayoonekana ndani kabla ya filta, uwashe, utazame. Mapovu yanayopita mfululizo hayahitaji mjadala.

Linachemsha

Kwanza hakikisha linachemsha kweli. Geji ya zamani iliyounganishwa na sensa ya injini mpya husema chochote. Linganisha na joto inaloona kompyuta kwenye skana. Land Rover za zamani zenye kidhibiti cha volti 10 nyuma ya dashibodi huongeza fitina: kidhibiti kikifa, geji ya joto na ya mafuta zote hupanda pamoja.

Kama ni kweli, swali ni moja: lini? Linalochemsha likiwa limesimama na kupoa ukitembea lina tatizo la feni. Linalopoa likisimama na kuchemsha barabarani au mlimani lina tatizo la maji kuzunguka, rejeta kuwa ndogo, au hewa ya moto kukosa pa kutokea.

Kwa feni, kava lake ndilo linalopuuzwa kuliko kitu chochote kwenye kazi hizi. Injini mpya ni fupi au ndefu kuliko ya awali, feni imekaa mbali na rejeta, fundi akaacha kava kwa kuwa halikuenea. Feni bila kava inazungusha hewa ile ile ya moto ndani ya boneti. Kwa feni ya mkanda, karibu nusu ya upana wa pangaboi iwe ndani ya kava, nusu nje. Hakikisha pia upande inaozungukia. Mfumo wa mkanda mmoja mrefu mara nyingi huzungusha pampu ya maji kinyume na mfumo wa zamani, kwa hiyo feni ya injini ya awali ikifungwa hapo itavuta kidogo sana. Feni ya umeme ijaribiwe kwa kipande cha karatasi mbele ya rejeta. Karatasi inyonywe, isisukumwe.

Kwa tatizo la barabarani, pima joto la hozi ya juu na ya chini kwa kipima joto cha mwanga likiwa limeshapata moto. Tofauti kubwa ina maana maji yanapita polepole, kwa mfano themostati haifunguki vizuri au hozi ya chini inanyonywa na kubanana kwa kukosa springi ya ndani. Tofauti ndogo ina maana maji yanapita lakini hewa haichukui joto: mapezi yamejaa udongo, feni kubwa za umeme zinazuia upepo, au kondensa ya AC na intakula (kipoza hewa ya tabo) vimepangwa mbele ya rejeta bila nafasi.

Kabla ya kununua rejeta mpya, toa hewa. Kwenye magari haya ya pua ndefu injini mara nyingi inakaa juu kuliko kifuniko cha rejeta, na hewa inajificha kwenye silinda hedi. Inua pua ya gari, jaza ukiwa umefungua hita, acha injini ifanye kazi hadi themostati ifunguke. LS ina vibomba vidogo vya mvuke juu ya hedi. Viende juu ya rejeta au kwenye tangi la akiba, visizibwe.

Linawaka vizuri lakini halivuti

Soma kodi, kisha zigawe. Kodi za mifumo uliyoiacha kwenye gari la asili, kama ya kunasa mvuke wa petroli, hazipunguzi nguvu. P0500, ya mwendo wa gari, inaweza kupunguza: kompyuta isiyojua gari linakwenda kasi gani hukosea sailensa, huzima likija kusimama, na nyingine huweka kikomo cha mizunguko. Sensa ya mwendo iwekwe kwenye transifa (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) au kwenye giaboksi, na idadi ya alama zake ilingane na kompyuta inavyotarajia.

Pedali ya mafuta ya umeme itoke kwenye familia ile ile ya kompyuta na throto. Ukichanganya, injini inabaki kwenye mwendo wa kujilinda na huwezi kuidanganya.

P0171, mchanganyiko kuwa na hewa nyingi, inaelekeza watu kwenye nozeli. Anza na eksosi. Manifodi iliyotengenezwa kwa mkono ikivuja kabla ya sensa ya oksijeni, hewa ya nje inaingia, sensa inadanganyika, kompyuta inamwaga petroli bila sababu. Baada ya hapo tazama paipu ya hewa: sensa ya hewa iliyowekwa mara tu baada ya kona kali husoma upepo uliovurugika. Ipe kipande kilichonyooka mbele yake. Kwenye dizeli ya tabo, paka maji ya sabuni kwenye kila ungio la paipu za intakula na umwombe mtu akanyage mafuta. Paipu zilizounganishwa upya hufumuka pale tu presha inapopanda.

Na kama halivuti lakini halina kodi hata moja, hesabu gia kabla ya kulaumu injini. Difu za Land Rover Series ni 4.7 kwa 1. Zinaifikisha injini ya kisasa kwenye mizunguko mingi mapema na kukupa kelele badala ya mwendo. Matairi makubwa yanakwenda upande wa pili. Hakuna kompyuta inayorekebisha hilo.

Mtetemo

Fika kwenye mwendo unaotetema, kanyaga klachi, acha injini irudi sailensa huku gari likiserereka. Mtetemo ukibaki, uko kwenye propela, difu au magurudumu. Ukiisha, uko kwenye injini na mipira yake, au unatokea wakati wa kuvuta tu, kwa maana ya difu kuinuka pua springi zinapojikunja.

Propela ndiyo mshukiwa mkuu, kwa sababu giaboksi mpya imesogeza transifa mbele au nyuma na chesisi imeinuliwa juu kidogo kwa springi. Egesha gari mahali tambarare, likae kwa uzito wake kwenye magurudumu, siyo kwenye jeki. Weka simu kwenye uso wa flenji (sahani inapofungwa propela) ya transifa, andika nyuzi. Weka kwenye bomba la propela, andika. Weka kwenye flenji ya difu, andika. Kwa propela yenye krosi (ungio linalopinda) moja kila upande, flenji mbili ziwe sambamba, tofauti isizidi nyuzi 1, na pembe ya kila krosi ikae karibu na nyuzi 3 au pungufu kwa gari la barabarani. Shafti fupi iliyoinama sana itatetema hata kama imesawazishwa vizuri. Vipande vya chuma vyenye mteremko chini ya springi hurekebisha pua ya difu; kuinua au kushusha mpira wa giaboksi hurekebisha upande wa pili. Pima tena baada ya kila mabadiliko, maana upande mmoja unavuta mwingine.

Tazama pia kama masikio ya krosi mbili za propela hiyo yamepangwa kwenye mstari mmoja. Fundi aliyeunganisha upya baada ya kupaka grisi anaweza kuruka jino moja tu, na gari litatetema kama lina gurudumu la mraba.

Mlio mgumu wa injini unaopiga ukikanyaga mafuta, unaofanana na beringi iliyokufa? Kagua kama eksosi inagusa chesisi kabla hujashusha sampu (bakuli la oili).

Gia zinakwaruza

Injini ikiwa imezimwa gia zinaingia laini, ikiwaka zinakwaruza, hasa rivasi: klachi haiachi kabisa. Pampu pedali mara mbili tatu kwa haraka. Ikiwa nafuu, kuna hewa kwenye mfumo au masta silinda ni ndogo kwa silinda ya chini uliyoweka. Isipobadilika, shuku beringi ndogo inayokaa kwenye krankshafti. Ikibana, shafti ya giaboksi inaendelea kuzunguka hata klachi ikiwa chini.

Giaboksi inayoruka gia au kulia kwenye shafti ya mbele baada ya kuunganishwa kwa adapta ipimwe kwa geji ya saa kwenye tundu la hausingi ya klachi. Kosa la katikati lisizidi milimita 0.13. Hapo ndipo adapta za bei rahisi hujulikana.

Breki na oili

Pedali ngumu kama jiwe baada ya kuweka dizeli: dizeli haina vakyumu (nguvu ya kunyonya) ya manifodi ya kutosha, busta inayosaidia mguu inahitaji pampu yake. Kanyaga pedali mara kadhaa injini ikiwa imezimwa, ishikilie, kisha washa. Inatakiwa izame kidogo chini ya mguu. Isipozama, pima vakyumu kwenye hozi ya busta na ukague valvu ya njia moja. Hata ikizama, drami za miaka ya 60 hazikukusudiwa kuzuia mwendo ambao injini mpya inafikia, na ekseli za nyuma za Land Rover zenye meno 10 nazo hukatika mapema mbele ya nguvu hiyo.

Taa ya oili inayowaka kwenye mteremko mkali tu ina habari ya sampu. Sampu ikikatwa ili ipishe difu ya mbele, ujazo hupungua na bomba la kunyonya hubaki mahali pabaya. Dipstiki ya zamani haijui lolote kuhusu sampu mpya. Mwaga oili yote, jaza kiasi ulichokipima kwa lita, zungusha injini ili filta ijae, subiri itulie, kisha chora alama mpya kwenye dipstiki. Halafu ubane springi za mbele hadi ekseli iguse mpira wa kusimamishia, ulale chini, upime nafasi iliyobaki kati ya difu na sampu. Ukiona mkwaruzo unaong'aa kwenye sampu, mpira wa kusimamishia uongezwe urefu kabla ya gari kwenda porini.